Jinsi ya kupima mwanga wa tochi kwa jicho lako, si kwa namba ya boksi

Tochi mbili ziko mezani. Moja imeandikwa lumeni 500, nyingine lumeni 1000. Karibu kila mteja anayeingia dukani kwangu anaamini ya pili itamulika mara mbili ya ya kwanza, na yuko tayari kuilipia mara mbili. Akizipeleka gizani ataona tofauti, ila si ile aliyoitolea hela: jicho lake litamwambia imezidi kwa robo hivi, au tuseme asilimia 40 ikizidi sana. Hapo bado tunazungumzia tochi ambazo boksi limesema kweli. Zile zinazodai lumeni laki moja nitazifikia.

Kazi yangu ni kuuza na kutengeneza tochi, na wateja wangu wengi ni walinzi wa usiku, wafugaji na mafundi umeme. Hatua ninazoandika hapa ndizo ninazozifuata kabla ya kumshauri mtu anunue nini. Unahitaji simu ya Android yenye programu ya kupima luksi (zipo nyingi za bure), multimita ya kawaida ya fundi, chumba chenye dari nyeupe, futi ya kupimia, usiku usio na mbalamwezi, na mtu mmoja wa kukusaidia.

Hatua ya 1: Tenganisha namba tatu

Lumeni ni mwanga wote unaotoka mbele ya tochi, ukikusanywa pamoja bila kujali unaelekea wapi. Kandela ni ukali wa mwanga kwenye uelekeo mmoja, kwa tochi ni pale katikati ya mwale penye ukali kuliko kwingine. Luksi ni mwanga uliotua juu ya kitu: lumeni moja ikitandazwa sawasawa kwenye mita moja ya mraba, hapo pana luksi moja.

Jicho lako halijawahi kuona lumeni. Linaona mwanga uliotua kwenye ng'ombe, kwenye geti au kwenye njia, kisha ukarudi. Lumeni 800 zilizosambaa pande zote na lumeni 800 zilizokusanywa kwenye mwale mwembamba ni namba ileile kwenye boksi, lakini ukizitoa nje zinafanya kazi mbili tofauti kabisa.

Mwaka 2009 huko Marekani kilitolewa kiwango kinachoitwa ANSI/NEMA FL 1, na tochi nyingi za kampuni zinazojiheshimu zinakitumia mpaka leo. Ukiona vialama vidogo vya FL 1 kwenye boksi, jua namba zake zimepatikana hivi: lumeni zimepimwa kati ya sekunde 30 na dakika 2 baada ya kuwasha, masafa ni umbali ambapo mwanga umebaki robo luksi, yaani kama mbalamwezi pevu ya usiku usio na mawingu, na muda wa kuwaka unahesabiwa mpaka mwanga ushuke hadi asilimia 10 ya ule wa mwanzo.

Hebu isome tena hiyo ya mwisho. Boksi linalosema "lumeni 1000, saa 3" halikuahidi lumeni 1000 kwa saa tatu. Limeahidi kwamba saa tatu zikiisha utakuwa umebakiwa na lumeni 100. Halijadanganya, ila mnunuzi anasoma kitu kingine.

Hatua ya 2: Jifunze hesabu ya jicho

Macho yetu yanafanya kazi kuanzia usiku wa mbalamwezi, robo luksi, hadi jua la saa sita mchana, karibu luksi laki moja. Hiyo ni tofauti ya mara laki nne. Jicho linaimudu kwa kubana: mwanga unaongezeka sana, hisia inaongezeka kidogo. S. S. Stevens wa Chuo Kikuu cha Harvard alichapisha mwaka 1957 kanuni inayoeleza jambo hili. Kwa nukta ndogo ya mwanga gizani, ung'avu tunaouhisi unafuata takriban kipeuo cha pili cha mwanga wenyewe. Kwa eneo pana lililomulikwa, unafuata takriban kipeuo cha tatu.

Maana yake dukani ni hii: ili jicho likubali kuwa mwanga umekuwa mara mbili, tochi inatakiwa itoe mara nne, na pengine mara nane. Mifano:

- Kutoka lumeni 1000 kwenda 1200, jicho linahisi ongezeko lisilofika asilimia 10. Ukiziwasha moja baada ya nyingine, huwezi kuzitofautisha.
- Kutoka 300 kwenda 500, ni asilimia 20 hadi 30.
- Kutoka 250 kwenda 1000, ni kati ya mara 1.6 na mara 2.

Kwa hiyo mtu anayebadilisha tochi ya lumeni 900 kwa ya lumeni 1100 ananunua rangi mpya ya bomba la tochi. Kama unataka badiliko ambalo utaliona bila kuambiwa, ruka mara nne, la sivyo tafuta tochi yenye mwale wa umbo tofauti.

Umri nao una sehemu yake. Mboni ya kijana gizani inafunguka hadi milimita 7 au 8; ya mzee haifunguki hivyo, na lenzi ya jicho lake imeanza kuwa ya njano. Mtu wa miaka 60 anapokea kwenye retina (utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga) takriban theluthi moja ya mwanga anaoupokea kijana wa miaka 20. Walinzi wengi ni watu wazima. Mzee akikwambia tochi uliyompa haimuliki vizuri wakati wewe unaiona kali, mwamini na umbadilishie.

Hatua ya 3: Hesabu wati kabla ya kuamini lumeni

Mwanga unatoka kwenye umeme, na umeme unatoka kwenye betri. LED za tochi za kawaida zinatoa lumeni 100 hivi kwa kila wati moja. Zilizo bora zinafika 150. Ichukue 100, inatosha kumkamata mwongo.

Chukua tochi ya mkononi yenye betri moja ya 18650 (ile ya lithiamu ya mviringo, upana milimita 18 na urefu 65) inayodai lumeni 100,000. Kwa lumeni 100 kwa wati, inahitaji wati 1000, ambao ni moto wa pasi ya umeme. Ungeishikaje? Na betri ya 18650 iliyo bora ina mAh 3500 hivi, sawa na wati-saa 12 na ushee. Ukiivuta kwa wati 1000 inaisha ndani ya sekunde 45, kama ingeweza kutoa ampea 270, na haiwezi. Ulinganisho mwingine: balbu ya gari ya H4 kwenye taa kubwa inatoa lumeni 1650. Lumeni laki moja ni balbu 60 za namna hiyo kwa pamoja. Tochi za kweli za lumeni laki moja zipo duniani, lakini ni mtambo wa karibu kilo mbili wenye feni za kupoza na betri kadhaa, na nguvu yake kamili inadumu kwa muda mfupi sana.

Sasa pima ya kwako. Fungua kifuniko cha nyuma chenye swichi. Weka multimita kwenye ampea 10, waya mwekundu uwe kwenye tundu la 10A. Ncha moja igusishe nyuma ya betri, nyingine kwenye ukingo wa bomba mahali pasipo na rangi. Tochi itawaka na utasoma ampea. Zidisha kwa volti za betri upate wati, zidisha kwa 100, kisha toa theluthi moja, maana sehemu ya nguvu inapotea kwenye saketi, kwenye kiakisi na kwenye kioo.

Mfano: ampea 1.2 mara volti 3.7 ni wati 4.4. Mara 100 ni 440. Ukitoa theluthi unabaki na lumeni 300 hivi. Kundi kubwa sana la tochi za kuvuta kichwa zinazouzwa barabarani kwa maelfu ya lumeni zinaishia hapo, na lumeni 300 ni mwanga mzuri wa kutosha kwa kazi nyingi. Kinachoniuma ni bei inayojengwa juu ya namba ya uongo.

Angalizo ambalo sitaki mtu alipuuze: multimita ikiwa kwenye ampea, usiguse ncha zote mbili za betri moja kwa moja. Hiyo ni shoti kamili, na betri ya lithiamu inaweza kuwaka moto. Pia kwa tochi inayovuta zaidi ya ampea 3, waya za multimita zenyewe zinazuia umeme, hivyo namba utakayosoma itakuwa ndogo kuliko ukweli.

Betri nazo zichunguze. Hakuna 18650 yenye mAh 9900. Nyingi zilizo bora zinakomea karibu na 3600. Ipeleke kwa sonara aipime kwenye mizani yake: nzima inakuwa na gramu 45 hivi au zaidi. Ikija na gramu 25 au 30, ndani hamna kitu cha maana. Usiipasue kuhakikisha, uzito umeshasema.

Hatua ya 4: Pima lumeni kwa dari

Maabara zinatumia tufe kubwa lililopakwa nyeupe ndani, mwanga unaingia na kuzunguka mpaka unakuwa sawa kila upande. Chumba chako chenye dari nyeupe ndicho tufe lako. Kadiri kilivyo kidogo na kuta zake kuwa nyeupe, ndivyo kinavyofaa.

Usiku, zima taa zote na funga pazia. Isimamishe tochi wima sakafuni ikitazama dari. Weka simu mita moja na nusu kutoka hapo, uso juu, mahali ambapo mwale hauifikii moja kwa moja. Kitambuzi cha mwanga kipo juu ya kioo cha simu karibu na kamera ya mbele, kwa hiyo usikifunike kwa kava. Weka alama za chaki mahali pa tochi na mahali pa simu, kwa sababu ukisogeza kimoja tu, vipimo vyako havilinganishiki tena.

Usiamini namba ya luksi yenyewe. Vitambuzi vya simu vinatofautiana sana. Tunachotaka ni uwiano. Tafuta kitu unachojua lumeni zake: balbu nzuri ya LED ya wati 9 yenye lumeni 800 hivi zilizoandikwa juu yake. Iwashe mahali pale pale pa tochi ikitazama juu, na uweke kitabu katikati kizuie mwanga wake usiipige simu moja kwa moja. Tuseme balbu imetoa luksi 40 na tochi imetoa 14. Kumi na nne gawanya kwa arobaini, mara 800, ni lumeni 280. Ni makadirio, kwa kuwa balbu inamwaga mwanga pembeni na tochi inaupeleka juu, lakini yanatosha kutofautisha tochi ya 300 na ya 3000 bila shaka yoyote. Ukiwa na tochi unayoiamini yenye kiwango cha FL 1, itumie hiyo badala ya balbu. Ni bora zaidi.

Ukishapata namba, usiizime. Iache iwake na usome luksi kwenye nusu dakika, dakika 2, dakika 5, dakika 10 na dakika 30. Hapa ndipo watu wanashangaa. Tochi kali inapata joto, na saketi yake inapunguza umeme ili isiungue. Nyingi zinashuka hadi nusu au chini ya hapo ndani ya dakika chache. Tochi rahisi zisizo na saketi ya kurekebisha zinashuka polepole kadiri betri inavyoisha. Vyovyote vile, mtu aliyeishika haoni. Jicho linazoea kadiri mwanga unavyopungua, na kwa hesabu ya hatua ya 2, mwanga ukishuka hadi nusu yeye anahisi umepungua kwa robo tu, tena polepole. Anakuja kugundua betri ikiwa karibu kufa.

Ndiyo maana nampa mlinzi tochi inayoshikilia lumeni 400 kwa saa nyingi kuliko ile inayoanza na 2000 na kutulia kwenye 500 baada ya dakika tatu. Saa nane usiku zote mbili zinamulika karibu sawa, ila ya pili ni ghali na imekula betri mwanzoni bure.

Hatua ya 5: Pima masafa

Simama mita 5 kutoka ukutani. Msaidizi ashike simu ukutani, kitambuzi kikutazame, nawe uelekeze katikati ya mwale pale pale. Soma luksi ya juu kabisa, kisha zidisha kwa 25, kwa sababu 5 mara 5 ni 25. Umepata kandela. Ukitafuta kipeuo cha pili cha kandela na kuzidisha kwa 2, umepata masafa kwa mita kama boksi linavyoyaandika.

Luksi 400 kwa mita 5 ni kandela 10,000. Kipeuo chake ni 100, mara mbili ni mita 200.

Hesabu hii unaweza kuirudisha nyuma ukiwa bado dukani. Boksi likisema mita 300, gawanya kwa 2 upate 150, zidisha kwa yenyewe: kandela 22,500. Boksi likidai mita 1000, ni kandela 250,000, na tochi ya kawaida ya LED yenye kioo cha upana wa sentimita 3 haifiki huko.

Lakini mita 200 za boksi si mita 200 za mlinzi. Umbali huo una robo luksi, mwanga wa mbalamwezi. Chini ya mbalamwezi unajua kuna kitu kimesimama. Huoni sura, huoni rangi ya shati, huoni kama ameshika fimbo au panga. Nusu ya umbali huo, mita 100, ina luksi 1 na unaanza kutambua. Mimi nachukua theluthi ya masafa ya boksi kuwa ndio umbali wa kazi. Tena kuna jambo jingine: mtu wa mita 200 anaonekana nusu ya urefu wa mtu wa mita 100, kwa hiyo hata ungempa mwanga uleule, undani wake umepungua. Umbali unaiba mwanga na unaiba ukubwa kwa pamoja.

Hatua ya 6: Peleka tochi gizani

Hii ndiyo hatua inayonipa majibu kuliko zote, na ndiyo inayorukwa na karibu kila mtu, kwa sababu tochi nyingi zinajaribiwa dukani mchana kwenye ukuta mweupe.

Fikiria kinachotokea pale. Duka lina luksi mia kadhaa, mboni zako zimebana. Muuzaji anavuta kichwa cha tochi mpaka kinatokea kile kimraba chenye kingo kali ukutani. Ukitazama vizuri utaona hata vinyuzi vya LED yenyewe ndani yake. Kimraba kinang'aa hasa, nawe unaridhika. Lakini ukuta uliopakwa nyeupe unarudisha sehemu kubwa ya mwanga unaoupokea, wakati lami, udongo mweusi na nguo nyeusi vinarudisha asilimia chache tu. Na kuvuta kichwa hakujaongeza lumeni hata moja. Kumeongeza kandela kwa kuubana mwale, huku mwanga mwingi ukibaki ndani ya bomba bila kutoka.

Kwa hiyo tafuta uwanja au barabara yenye giza la kweli. Pima umbali wa mita 25, 50 na 100. Kwenye kila umbali weka vitu vitatu: ndoo nyeupe, shuka jeusi lililotundikwa kwenye mti, na karatasi yenye herufi zilizoandikwa kwa kalamu nene. Vinginevyo vipange vile unavyotaka kuviona kazini. Mfugaji aweke ngozi, mlinzi amsimamishe mtu mwenye nguo nyeusi.

Zima kila kitu, simu ikiwemo, mkae. Jicho lina seli za aina mbili: za koni, zinazoona rangi na undani, na za fito, zinazofanya kazi kwenye giza. Koni zinamaliza kuzoea giza kwa dakika 10 hivi. Fito zinaendelea kuongeza uwezo mpaka nusu saa na zaidi. Subirini angalau robo saa. Kioo cha simu kikiwashwa mara moja, mnaanza upya.

Msaidizi akae na tochi zote, awe anazibadilisha bila kukuambia ni ipi. Aanze na iliyo dhaifu kuliko zote, kwa sababu ikitangulia kali, dhaifu itaonekana mbaya kuliko ilivyo. Na swali lisiwe "ipi ina mwanga zaidi?" Swali liwe "unaona nini?" Andika: ndoo ya mita 50 naiona, shuka silioni, herufi za mita 25 nazisoma. Jicho ni shahidi mbaya wa kiasi cha mwanga, lakini ni shahidi mzuri wa kitu kilichopo mbele yake.

Utakutana na jambo ambalo boksi haliwezi kukuonyesha. Tochi ya lumeni 2000 yenye mwale mpana inamulika majani yaliyo mbele ya miguu yako kama mchana. Macho yanajirekebisha kwa ule mwanga wa karibu, mboni zinabana, na kule mita 80 panakuwa ukuta mweusi. Kisha inakuja tochi ya lumeni 400 yenye kandela nyingi, miguuni huoni kitu, na shuka la mita 80 linatokea waziwazi. Kama kazi yako ni kutembea kwenye njia ya mawe, ya kwanza ndiyo yako. Kama ni kulinda uzio, ni ya pili.

Ukiwa hapo jaribu mambo mawili zaidi. Shusha tochi usawa wa kiuno, mbali na macho: kama kuna vumbi, moshi au ukungu, utaona mbali kuliko ukiishika karibu na uso, maana mwanga unaorudishwa na vumbi haupiti tena mbele ya macho yako. La pili, kitu hafifu usikikodolee. Katikati kabisa ya retina hakuna fito, kwa hiyo tazama pembeni yake kidogo na kitajitokeza. Walinzi wenye uzoefu wanafanya hivi bila kufundishwa.

Na kama katika kundi lenu kuna mtu asiyeona kabisa kwenye giza ambalo wenzake wanaona, hata baada ya nusu saa, tatizo lake si tochi. Ukosefu wa vitamini A ni moja ya sababu za hali hiyo, hasa kwa watoto, nao unatibika. Aende hospitali.

Hatua ya 7: Angalia rangi ya mwanga

Fupi hapa. Mwanga mweupe wa kibluu, ule wa kelvini 6500 (kelvini ni kipimo cha rangi ya mwanga; namba ikishuka, mwanga unaelekea njano), unaonekana mkali zaidi kwenye giza kuliko wa njano wenye lumeni zilezile. Fito zinahisi zaidi rangi za kijani-bluu, na nyekundu iliyokolea karibu haziihisi kabisa. Mwanasayansi wa Kicheki Jan Purkyně aliligundua hili mapema karne ya 19 kwa kutazama maua: mekundu yanayong'aa mchana yanageuka karibu meusi kukipambazuka. Watengenezaji wanalijua, na LED za kibluu zinatoa lumeni nyingi kwa umeme uleule.

Lakini mpe fundi umeme tochi ya namna hiyo kwenye boksi la waya, atahangaika kutofautisha waya wa kahawia na mwekundu. Nyoka wa kahawia kwenye majani makavu naye anapotea. Kwa kazi za karibu tafuta mwanga wa kelvini 4000 au chini yake, wenye CRI (kipimo cha jinsi mwanga unavyoonyesha rangi halisi za vitu, mwisho wake 100) ya 90 na kuendelea. Lumeni zake kwenye boksi zitakuwa chache, na utaona vitu vingi zaidi.

Sasa ukienda kununua

Kutoka chumbani kwenda choo cha nje, lumeni 20 hadi 50 zinatosha. Macho yakishazoea giza hata 5 ni nyingi. Kutembea kwenye njia, 100. Ulinzi wa kiwanja cha kawaida, 300 hadi 500 zinazodumu, na kandela 10,000 au zaidi. Kwa zizi au shamba lililo wazi, acha kuongeza lumeni, ongeza kandela.

Ukipata kandela na lumeni, gawanya ya kwanza kwa ya pili. Jibu likiwa 5 au chini, mwale ni mpana, tochi ya karibu. Likiwa 20 na kuendelea, ni tochi ya mbali. Katikati ya hapo ni tochi ya kazi mchanganyiko, na ndizo ninazouza zaidi.

Baada ya kununua, pima kwa dari na kwa ukuta wa mita 5 siku hiyohiyo betri ikiwa imejaa, uandike ampea, luksi za dari na kandela kwenye kipande cha plasta ubandike kwenye bomba. Rudia baada ya miezi sita, chumba kilekile, alama zilezile za chaki, simu ileile. Luksi zikiwa zimeshuka na betri imejaa, anza kwa kufuta kioo, kisha sugua ukingo wa bomba na springi ya kifuniko kwa kitambaa chenye spiriti. Zikibaki chini, badilisha betri kabla ya kufikiria tochi mpya.